Gari la msaada hutangulia: dhana potofu kuhusu kuhudumia timu ya baiskeli, Kampala hadi Masaka

Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130, mwendo unaotosha safari ya hisani ya siku moja. Hesabu zilizo hapa ni za waendeshaji 10 wanaokwenda kilomita 20 kwa saa kwa wastani: saa sita na nusu za kukanyaga pedali, bila kuhesabu muda wa vituo.

"Gari lifuate timu nyuma nyuma, taa zikimulika"

Hii ndiyo dhana inayotutia hofu kuliko zote. Gari linalotambaa hukusanya foleni ya matatu na malori. Dereva aliyechoka kusubiri hulipita kwa nguvu, akikuta lori linakuja mbele hana pa kurudi ila upande wenye baiskeli. Gari litangulie kilomita 15, liegeshwe nje kabisa ya lami, mahali panapoonekana kutoka mbali. Lisiegeshwe kwenye kona wala ng'ambo ya kilele cha mlima. Mwendeshaji wa mwisho akishapita, litangulie tena. Mkiani mwa timu atoshe fundi mmoja juu ya boda boda, mwenye kofia ngumu, jaketi la kung'aa na begi la vifaa.

"Mafundi wamejaa kila senta, vipuri vya nini?"

Mafundi wapo, na wengi ni hodari. Kinachokosekana ni vipuri vinavyoingia. Baiskeli nyingi za mizigo, zile zinazobeba matoke, zina magurudumu ya inchi 28 ambayo rimu yake ni milimita 635. Za mbio ni milimita 622. Kwa macho zinafanana, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine.

Halafu kuna valvu. Pampu ya fundi imetengenezwa kwa valvu nene kama ya pikipiki. Ukiiweka kwenye valvu nyembamba ya baiskeli ya mbio, hewa yote inatokea pembeni. Dawa yake ni adapta ya shaba isiyozidi ncha ya kidole: legeza kwanza kijiti cha valvu, kisha funga adapta juu yake. Beba nne, kwa sababu hupotea upesi. Kwenye kompresa ya kituo cha mafuta, bonyeza kidogo kidogo na upime kila mara, maana tyubu nyembamba hujaa kwa sekunde chache na kupasuka.

Kila mwendeshaji abebe tyubu mbili, na garini ziwemo 10 zaidi pamoja na matairi matatu. Viungo vya kuunganishia mnyororo vilingane na idadi ya gia: cha gia 9 hakifai mnyororo wa gia 11. Kipande cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu hutofautiana baiskeli kwa baiskeli, hivyo kila mtu aje na chake. Kikivunjika, mchomeleaji wa kijijini hawezi kukiokoa.

"Pancha ni kubadilisha tyubu tu"

Matairi ya malori yakipasuka huacha barabarani nyuzi nyembamba za chuma. Uzi mmoja hujipenyeza kwenye tairi la baiskeli na kubaki humo. Ukiweka tyubu mpya bila kukagua, haitafika mbali. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, kisha angalia mpira wa nje ukiwa umeukunja kidogo. Uzi hauchomoki kwa kucha, kwa hiyo kuwe na koleo ndogo.

"Wanywe maji mengi kadiri wawezavyo"

Mtu mmoja anahitaji mililita 500 hadi 750 kwa saa, na zaidi kidogo joto likipanda. Kwa timu nzima ni kama lita 50. Beba jerikani nne za lita 20: tatu za maji safi ya kunywa, moja ya kunawa mikono. Hiyo ya kunawa isiachwe nyumbani, kwa sababu anayegawa ndizi kwa mikono michafu anaweza kuiharisha timu nzima.

Maji matupu kupita kiasi huzimua chumvi mwilini. Pete ikimkaza mtu kidoleni, kichwa kinamuuma, ana kichefuchefu na anaanza kuchanganyikiwa, usimwongezee maji, mpeleke hospitali. Iko moja Nkozi, karibu na ikweta, na ya rufaa iko Masaka. Namba za dharura ni 999 au 112. Kwenye chupa changanya lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

"Roleksi inatia nguvu njiani"

Roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ni chakula kizuri, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Katikati ya safari mafuta na mayai hukaa sana tumboni. Bogoya moja (ndizi mbivu tamu) ina kama gramu 25 za wanga, na mwendeshaji huhitaji hadi gramu 60 kwa saa. Gonja (ndizi kubwa) za kuchoma za Lukaya, mji ulio njiani, zinafaa sana. Muchomo (nyama choma) wa hapo hapo usubiri jioni.

"Hewa ya Uganda ni poa, jua halichomi"

Ikweta inapita Kayabwe, na nchi imeinuka zaidi ya mita 1,100. Hata kukiwa na mawingu ngozi huungua. Mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili, shingo na masikio yasisahauliwe.

"Tuwagawie watoto pipi tukipita"

Hapana kabisa. Watoto hukimbilia pipi bila kutazama lori. Wapungieni mkono, inatosha.

"Njia tunaijua"

Mwezi Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga, karibu na Lukaya, na barabara hii ikafungwa. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, pigeni simu Lukaya jioni ya kuamkia safari, na njia ya mzunguko kupitia Sembabule iwe imechorwa kwenye ramani ya kila dereva.

"Tukifika Masaka kazi imekwisha"

Wapeni chakula na nguo kavu ndani ya nusu saa. Kisha osheni chupa zote kwa maji ya moto na sabuni usiku huo huo, vifuniko vikiwa vimefunguliwa, kwani sukari iliyobaki huota ukungu kwenye mdomo wa chupa.