Nyuki wa Mlimani na Nyuki wa Nyikani: Tofauti Iliyojificha katika Vipande Viwili vya Kromosomu

Mfugaji anayerina asali katika misitu ya juu ya Mlima Kenya au Mlima Elgon hukutana na nyuki ambaye mwenzake wa tambarare hamfahamu vizuri: mweusi zaidi, mkubwa kidogo, mwenye manyoya marefu, na asiyekurupuka kwa hasira mzinga unapoguswa. Wataalamu humwita Apis mellifera monticola. Chini yake, nyikani na mashambani, huishi Apis mellifera scutellata, mwenye umanjano, mwepesi wa kuuma na mwepesi wa kuhama. Wote wawili ni nususpishi, yaani aina ndogo, za spishi moja, na kwa kuwa malkia hupandwa angani na madume wengi, mara nyingi zaidi ya kumi, mtu angetarajia damu zao ziwe zimechanganyika kiasi cha kutotofautishwa tena.

Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliosoma vinasaba vya nyuki wa milima hiyo miwili na vya jirani zao wa maeneo ya chini, ulionyesha kwamba makundi haya yanafanana mno karibu katika kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) zote 16, isipokuwa katika vipande viwili, kimoja kwenye kromosomu ya 7 na kingine kwenye ya 9. Katika vipande hivyo, nyuki wa juu na wa chini wametengana karibu kabisa, na tofauti hiyo inaonekana katika milima yote miwili, ijapokuwa imetenganishwa na nchi ya chini iliyo pana.

Inawezekanaje vipande viwili vidumu huku vingine vyote vikichanganyika? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vipande hivyo viligeuzwa zamani za kale, yaani mpangilio wa jeni zake ukawa kinyumenyume. Kwa kawaida, malkia anapotengeneza mayai, kromosomu za jozi hubadilishana sehemu, lakini kipande kilichogeuzwa hakilingani na mwenzake, na hivyo mabadilishano hayafanyiki ipasavyo. Jeni zilizomo hurithiwa kwa pamoja, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Kipande cha kromosomu ya 7 kina jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali ya neva inayohusika na kujifunza na kutafuta chakula. Hata hivyo, kuwemo kwa jeni hizo pekee si ushahidi kwamba ndizo zinazomkinga nyuki na baridi.

Ugumu wa maisha ya huko juu, kwa upande mwingine, hauna utata. Majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, huhitaji joto la nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi, na nyuki hulizalisha kwa kutetemesha misuli ya mabawa, kazi inayounguza asali. Penye usiku wa baridi kali na asubuhi za ukungu, anayeweza kuruka hali ya hewa ikiwa bado baridi hupata mbochi (majimaji matamu ya maua) na chavua ambavyo mwingine angevikosa. Scutellata amejiandaa kwa shida tofauti, yaani ukame: maua na maji yakikauka, kundi zima huacha masega na kwenda kutafuta kwingine. Tabia hiyo, ambayo wafugaji wetu huilalamikia (na si bila sababu), ni maarifa ya nyika. Mlimani ingeweza kuliua kundi.

Nguvu na kikomo cha maandalizi hayo vilionekana mbali na kwetu. Mwaka 1956 malkia wa scutellata walipelekwa Brazili, mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umeingia Texas. Kusini, hata hivyo, kasi yao ilififia katika maeneo ya baridi ya Ajentina.

Kwa hiyo hatushauri kupandisha mizinga ya tambarare hadi kwenye misitu ya milimani kwa matumaini ya mavuno ya haraka. Mbali na hatari ya kundi lenyewe kudhoofika, madume wake watapanda malkia wa huko na kuwarithisha watoto wao vipande visivyofaa baridi. Ni afadhali mfugaji atundike mizinga mitupu iliyopakwa nta katika mwinuko uleule anaofugia, kisha asubiri makundi ya hapohapo yaingie yenyewe.