Meli imetia nanga, barua iko wapi?

Ukiuliza kwa nini barua za karne ya 19 zilichelewa, wengi wana jibu tayari: meli za mvuke zilikuwa zikijikokota. Mimi naona meli inasingiziwa. Fuata barua moja tangu inapopigwa lakiri hadi inapofunguliwa, utakuta siku nyingi zilipotea ikiwa imekaa tu mahali, haiendi popote.

Chukua Hugh Lindsay, meli ya mvuke iliyotoka Bombay kwenda Suez mwaka 1830. Ilitumia zaidi ya mwezi kufika, lakini siku za mwendo hasa zilikuwa kama 21. Zilizobaki ilikuwa imesimama Aden, Jeddah na kwingineko ikipakia makaa ya mawe. Haikuundwa kwa masafa yale, ikabidi makaa yajazwe hata vyumbani, na bado yalikaribia kuisha njiani.

Hapo pia ndipo inapovunjika dhana kwamba mvuke uliikomboa posta kutoka mikononi mwa upepo. Makaa ya Aden yalitoka Uingereza, na yaliletwa na merikebu za matanga zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tanga likichelewa, mvuke unalala njaa. Na upepo wa kusi ulipochachamaa katika Bahari ya Arabuni, Juni hadi Septemba, zile meli za kwanza za Bombay hazikuweza kuukabili. Nahodha yeyote wa jahazi pale Lamu angewaeleza hilo bila malipo.

"Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, barua zikaanza kupita humo." Hii ndiyo hunichekesha. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, lakini kwa miaka kadhaa baadaye Posta ya Uingereza iliendelea kutaka barua za India ziteremshwe Aleksandria, zipakiwe kwenye garimoshi, zivushwe Misri hadi Suez, kisha zipandishwe meli nyingine. Bidhaa zikapita mferejini, barua zikapita jangwani! Tusiwacheke kupita kiasi, maana siku zile meli hazikuvuka mfereji usiku, na moja ikikwama mchangani, zilizo nyuma zote zinangoja. Garimoshi lilikuwa na kasi kweli. Ila kila mahali pa kushusha na kupakia ni pa kuhesabu magunia upya, na garimoshi lililowahi halina faida kama meli ya Suez haijaingia.

Kuna sababu nyingine ambayo ni wachache wanaoifikiria: ugonjwa. Kwa hofu ya tauni na kipindupindu, barua kutoka Mashariki zilizuiwa karantini Malta au Marseille. Zilitobolewa kwa patasi ili moshi uingie ndani, zikachovywa siki au zikafukizwa. Si kwa udi, kwa salfa. Baadhi ya bahasha hizo zimehifadhiwa hadi leo na wakusanyaji wa stempu, matundu yakiwa yanaonekana.

Wala si kila uchelewaji ulikuwa kosa la posta. Nauli ilitegemea njia, na aliyeamua njia ni mwandishi mwenyewe. Aliyeandika juu ya bahasha "kupitia Brindisi" alilipia reli ya kukata Ulaya hadi kusini mwa Italia. Aliyeandika "kupitia Southampton" alilipa pungufu, barua ikapanda meli hukohuko Uingereza, ikazunguka baharini. Mbana senti alijua fika kwamba barua yake itaondoka kabla ya ile ya Brindisi, na bado itachelewa kufika.

Upande wetu huu, meli ya barua ya kila mwezi kati ya Aden na Unguja ilikuja na mkataba wa 1872 wa kampuni ya British India. Kabla ya hapo ulingoja chombo kitakachotokea. Lakini hata barua iliyokwisha kufika Unguja haikuwa imefika. Mkoba wa barua za Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza aliyekuwa bara, ulifungwa Unguja Novemba 1, 1870. Bahari kuu ilikuwa imeshavukwa. Uliobaki ni mkono mdogo wa bahari hadi Bagamoyo, ambao jahazi huuvuka kwa saa chache upepo ukiwa mzuri, kisha nchi kavu. Msafara ukafika Bagamoyo, ukatua. Ukakaa hapo kama siku 100. Ulipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu vikafunga njia ya Ujiji, ulikokuwa ukipelekwa. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliukuta mkoba huko, akauchukua, akapita njia ya kuzunguka kusini. Siku alipomkabidhi mwenyewe pale Ujiji, Novemba 1871, alipiga hesabu akapata siku 365 tangu utoke Unguja.

Livingstone aliupakata mkoba, akaufungua, akasoma barua moja mbili za wanawe, uso ukamchangamka. Stanley akamsihi amalize barua zake kwanza. Mzee akakataa: amengoja miaka, saa chache zaidi si kitu, apewe habari za dunia. Basi mgeni akaanza kumsimulia, na miongoni mwa habari hizo mpya ilikuwamo hii: Mfereji wa Suez umeshafunguliwa, na meli zinapita.