Viambata asilia vya mimea: je, vinachelewesha uzee?

Kwenye Coaster ya Mbeya kwenda Tukuyu, tulipopita Uyole tu, kijana alisimama na vichupa mkononi. Vidonge vyake, alisema, vina "viambata asilia" vinavyorudisha ujana. Mama mmoja wa kiti cha mbele akamjibu, "Mwanangu, mimi nakunywa chai ya hapa Rungwe tangu msichana. Mbona magoti yananiuma?" Gari zima likacheka, ila swali lake lilikuwa la msingi kuliko alivyodhani.

Kiambata asilia ni kemikali ambayo mmea unaitengeneza wenyewe. Nyingi kati ya zile zinazotajwa kwenye habari za uzee si chakula cha mmea. Ni silaha na mwavuli wake dhidi ya wadudu, ukungu na jua kali. Kundi maarufu ni polifenoli. Unazifahamu kwa ulimi: ule ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea ni polifenoli zinazong'ang'ania protini za mate. Ukilifikicha jani bichi la chai, baada ya muda linageuka kahawia. Kiwandani hufanywa hivyohivyo kwa makusudi: majani husagwa na kuachwa yapigwe na hewa, polifenoli ziitwazo katekini zikageuka kuwa nyingine zenye rangi nyekundu. Chai ya kijani huwahishwa kwenye joto kabla mageuzi hayo hayajatokea. Kwa hiyo mama yule hakukosa viambata; anavyo kikombe kwa kikombe.

Uzee unaingiaje hapo? Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake walionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu, zikikuzwa maabara, hugawanyika mara kadhaa kisha zinakoma. Seli iliyokoma si lazima ife. Hubaki pale ikitoa kemikali zinazowasha jirani zake. Wauza nyanya wa Ilula wanalielewa hili bila darasa: nyanya moja iliyooza ndani ya tenga haiozi peke yake.

Ndipo watafiti wakaanza kutafuta kitu cha kuziondoa hizo seli zee. Mwaka 2015 timu moja ya Marekani ilitangaza kwamba kwesetini, polifenoli iliyomo kwenye vitunguu, ikichanganywa na dasatinibu, ilipunguza seli hizo kwa panya, na afya yao ikaimarika. Dasatinibu ni dawa ya saratani ya damu, jambo ambalo wauza vidonge hulirukaruka. Halafu kuna kipimo. Panya walipewa miligramu 50 za kwesetini kwa kila kilo ya uzito. Dozi ya panya haihamishwi kwa mtu kwa kuzidisha tu, lakini hebu tuzidishe tuone: mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 3,000. Kilo moja ya vitunguu vyekundu ina kama 300. Hizo ni kilo 10 za vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa mkao mmoja! (Ukivimenya, usitupe tabaka nyingi za nje; kwesetini imejaa huko.)

Vingine vimeangushwa na majaribio. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani ina mpango wa kupima dawa kwa panya katika maabara tatu tofauti. Resveratroli ya zabibu, kurkumini ya kiungo cha manjano na dondoo ya chai ya kijani zote zilipitishwa humo, na hakuna iliyorefusha maisha ya panya. Sehemu ya sababu inajulikana: kurkumini na resveratroli, kwa mfano, ini huzibadilisha upesi mno kabla hazijafika mbali.

Kikombe na kidonge navyo si kitu kimoja. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa vidonge vya dondoo ya chai ya kijani vyenye miligramu 800 au zaidi za katekini aina ya EGCG kwa siku vinahusishwa na dalili za ini kuumia. Chai ya kawaida ina kasoro ndogo zaidi: ikinywewa pamoja na chakula, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye maharage na mboga. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu aisubirishe walau saa moja.

Kabla kijana hajashukia Kiwira, nilimuuliza kidonge kimoja kina miligramu ngapi, na za nini. Akakigeuza kichupa mara mbili. Lebo ilikuwa na picha ya jani tu.