Je, wajua kwa nini bei ya nyanya sokoni hubadilika mara tatu kwa siku?

Ingia Soko la Ilala, Dar es Salaam, saa 11 alfajiri, uulize bei ya nyanya. Rudi saa 4 asubuhi, utatajiwa nyingine, ya juu. Pita tena jua likizama: imeshuka, na safari hii muuzaji ndiye anayekuita wewe. Wengi husema wachuuzi wanajipangia tu bei wanavyotaka. Si kweli, na inaniuma kuona akina mama wanaokesha sokoni wakiitwa walanguzi.

Nyanya za Dar hutoka mbali. Nyingi zinatoka Ilula, mji mdogo kando ya barabara kuu ya Iringa, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Nyingine zinatoka Mgeta, Morogoro, na milima ya Lushoto. Huchumwa mchana, zikapangwa kwenye matenga, lori likasafiri usiku kukiwa na ubaridi. Alfajiri anayeuza ni dalali, na anauza tenga zima. Lori linataka kugeuza, na hakuna mwenye muda wa kuchagua moja moja. Ndiyo maana bei ni ya chini.

Mchuuzi akishanunua, huanza kuchambua. Nilisimama kumtazama mama mmoja akifungua tenga lake. Nyanya za juu zilikuwa ngumu, zenye rangi ya chungwa, akazipanga pembeni. Za katikati nyekundu, safi. Alipofika chini, vidole vyake vikatoka vimelowa: zimebondeka kwa uzito wa zilizo juu. Hizo ndizo masalo, huenda kwa wapishi kwa bei ya kutupa.

"Mwanangu, hizi nimezilipia sawasawa na zile," akaniambia.

Kwa hiyo fungu unalonunua saa 4 limebeba hasara ya masalo, na ushuru, na hela ya mkokoteni.

Na jioni je? Hapa nyanya yenyewe ndiyo inayoamua. Tunda likishachumwa halifi. Linaendelea kupumua: linachoma sukari yake, linatoa joto, na linatoa gesi iitwayo ethilini ambayo huyaivisha matunda ya jirani. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Sasa fikiria meza isiyo na kivuli cha maana, mchana wa Dar wenye nyuzi 30 na zaidi, na hakuna chumba cha baridi cha kulaza mzigo. Nyanya iliyokuwa imara asubuhi, saa 12 jioni inabonyea. Mama anajua ikilala itaamka masalo, ndiyo maana anakupunguzia na kukuongeza mbili juu.

Ukipika usiku huohuo, nunua jioni bila wasiwasi. Za kukaa siku kadhaa nunua asubuhi, uchague zenye rangi ya chungwa, uzitandaze mezani zisilaliane. Usizikimbize kwenye friji. Chini ya nyuzi 12 hivi nyanya hupoteza harufu yake, na ambayo haijaiva haitaiva vizuri tena. Kagua pia karibu na kikonyo. Tundu dogo hapo ni alama ya kantangaze, kiwavi wa nondo aliyegunduliwa nchini mwaka 2014. Nyanya aliyoitoboa huoza kabla ya wenzake.

Wenye majirani wanaoelewana wanaweza kuamka alfajiri, wakachanga, wakanunua tenga moja wagawane. Ila kabla ya kumkabidhi dalali hela, mwombeni awaonyeshe na za chini.