Uchungu wa mapema na lawama ya ndoo

Kisiwani Pemba, mama akishikwa na uchungu kabla ya wiki 37, wapo wanaomwambia kwamba amebeba ndoo nzito na kwamba dawa ni kulala tu, lawama isiyo ya haki, kwani kulala kitandani hakujathibitika kuzuia uchungu huo. Mara nyingi, hasa mimba ikiwa changa, bakteria hupanda kutoka ukeni hadi kwenye utando na kondo la nyuma, na mwili, katika kupambana nao, hutoa prostaglandini, kemikali zinazolainisha mlango wa kizazi na kuamsha uchungu, pengine bila homa yoyote. Dawa za kulegeza mji wa mimba huahirisha uzazi kwa takriban saa 48, ili sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zifanye kazi. Lakini maji yakitoka na harufu mbaya, au homa ikipanda, madaktari hawacheleweshi.