Kikombe kimoja cha maji, ni ubatizo huo?

Idara yetu ya katekesi kila ikipanda na semina Newala au Tandahimba lazima mtu anyooshe mkono, mwalimu, walokole wanatwambia sisi hatujabatizwa tumeloweshwa tu nywele, Yesu mwenyewe aliingia Yordani. Haya leo tuliongee.

Kwanza tusidanganyane, lile neno la Kigiriki lililozaa "ubatizo" asili yake ni kuchovya, kuzamisha. Na Kanisa Katoliki halikatazi, sheria yake inaruhusu kuzamisha na kumwagia vyote, kwa hiyo anayezamisha hana kosa, shida ni yule anayekwambia usipozama basi ulioga tu.

Sasa kuna kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kinaitwa Didake, wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, yaani kuna wazee walikisoma ambao babu zao wangeweza kumwona Petro. Nakala yake ya Kigiriki ilinakiliwa mwaka 1056 ikaja kuonekana Constantinople 1873, aliyeiona ni Philotheos Bryennios, na huyo hata si Mkatoliki, ni Mwothodoksi. Sura ya 7 inasema batizeni kwenye maji yanayotembea, hamna basi maji mengine, ya baridi hayawezekani tumieni ya moto, na kama yote hamna, mmwagie kichwani mara 3 kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mtu wa Newala hapo humfafanulii kitu! Kule juu uwandani mto hakuna, watu wanakinga mvua ya bati au wanashuka bondeni na ndoo, halafu useme neema ya Mungu inasubiri pipa lijae?

Hata yule askari jela wa Filipi, Matendo 16:33, kabatizwa usiku uleule na watu wake wote, mtoni hapatajwi.

Ila makatekista sikilizeni, kidole kibichi kwenye paji hakitoshi, maji yatiririke kichwani huku unatamka "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Na kichanga kikizidiwa usiku wodini padre yuko mbali, yeyote anaweza, hata nesi Muislamu, mradi anakusudia kile Kanisa linachokusudia. Kikombe cha chai kinatosha. Mkitoka hospitali njooni parokiani tuandike kwenye kitabu cha ubatizo, hapo ndo wengi mnasahau.