Tamasha la bure chuoni: yanayosemwa barazani na yalivyo hasa

Tamasha la bure likifanyika katika chuo kidogo hapa Mombasa, mara nyingi utawakuta ukumbini wanafunzi wenyewe na walimu wachache. Nje ya ukuta, mwendo mfupi tu kwa mguu, wamekaa barazani watu wanaojua tarabu, bango (muziki wa Pwani unaobebwa na saksofoni) na ngoma za Pwani kuliko wengi walioko ndani. Nimewauliza majirani kwa nini hawaendi. Majibu yao yanafanana, na mengi yamesimama juu ya jambo lisilo kweli. Nayajibu hapa kwa sababu hasara iko pande mbili: majirani wanakosa muziki, na muziki unakosa masikio yanayoujua.

"Chuo kina wenyewe. Sisi wa mtaani hatuna letu pale."

Tuanze na historia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, na mpango wake ulianza mwaka 1948. Waliochangia kukisimamisha ni pamoja na Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa ya Mabohora. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 kikageuzwa kuwa taasisi ya ufundi inayopokea watu wa dini zote, mwaka 1972 kikawa politekniki, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo hata kabla ya Uhuru, mahali pale palisimama kwa michango. Leo vyuo vya umma vinaendeshwa kwa karo za wanafunzi na kodi zetu, na anayeuza samaki Kongowea naye analipa kodi kila anunuapo sabuni.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, inapotaja malengo ya elimu ya chuo kikuu, inasema ni kukuza elimu kwa wanafunzi na kwa jamii kwa jumla. Jamii ndiyo sisi.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni geti. Askari anauliza unaenda wapi, anataka kitambulisho, anapekua mkoba, na mtu mzima anaona amedhalilishwa, anageuza njia. Tukumbuke tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Ukaguzi ulikazwa vyuoni nchi nzima baada ya msiba ule, na kila anayeingia anakaguliwa, mwanafunzi kwa mgeni. Askari akikuuliza, mjibu tu kwamba umekuja kwenye tamasha, umwoneshe kitambulisho chako. Kukaguliwa si kufukuzwa.

Ila si kila shughuli ya chuoni ni ya watu wote. Mahafali huwa na mialiko, na karamu za mwisho wa mwaka ni za wanafunzi. Lililotangazwa kuwa ni la umma na halina kiingilio, hilo ni lako pia.

"Cha bure hakina maana."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatoka vinywani mwa watu waliolelewa na muziki wa bure.

Tarabu ya Mombasa ilikulia wapi kama si harusini? Mwenye harusi ndiye aliyewaita wapigaji, akakubaliana nao malipo, akakodi vyombo na taa. Mgeni aliingia kwa mwaliko na nguo zake nzuri, wala hakuna aliyemwomba tikiti. Juma Bhalo na Zein l'Abdin wamesikilizwa hivyo na vizazi vizima. Hakuna aliyetoka harusini akasema muziki ulikuwa hafifu kwa kuwa hakulipa mlangoni. Na msikilizaji hakukaa tu: ubeti ukimgusa aliinuka, akaenda kwa madaha hadi mbele, akamtunza mwimbaji. Pesa ilitoka kwa radhi ya moyo, baada ya kazi kusikika. Ngoma za mtaani nazo ni hivyo hivyo, na zefe za maulidi zinapita barabarani mchana kweupe bila mtu kuuza tikiti.

Maana yake ni kwamba bure ni kwa anayeingia. Nyuma ya pazia yupo aliyelipa. Chuoni huyo anaweza kuwa ofisi ya masuala ya wanafunzi, chama cha wanafunzi kinachotumia karo zao, au mfadhili anayetaka jina lake lionekane kwenye tangazo. Jukwaa linakodiwa, spika zinakodiwa na fundi wake, jenereta inawekwa tayari kwa kuwa stima haiaminiki, walinzi wanaongezwa, na kesho yake kuna watu wa kufagia. Ni kama feri ya Likoni: mwenda kwa miguu havushwi kwa pesa, lakini mafuta, mabaharia na matengenezo yanalipiwa kila siku, na hakuna anayeidharau feri kwa sababu hiyo.

Na hapa nina neno kwa waandaaji. Kama fundi wa spika analipwa, mpiga udi naye alipwe. Kumwambia kijana kwamba ataimba bure ili "ajulikane", huku kila mwingine jukwaani ana ujira wake, ni kumdhulumu. Tamasha lisilo na kiingilio halikusudiwi kuwa tamasha lisilo na malipo kwa msanii. Na msikilizaji aliyeingia bure akipendezwa, mila yetu ya kutunza bado ipo. Ukumbi wa chuo haujaifuta.

"Mimi sikusoma. Nitakaa pale niangalie nini?"

Kwa mambo mengi yanayopigwa katika matamasha ya vyuo vya Pwani, mwenye elimu ni huyu anayeogopa. Chukua bango. Mwanafunzi aliyetoka bara anasikia saksofoni tamu tu. Mzee wa Kisauni anasikia Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na anamsikia Joseph Ngala, Mzee Ngala wetu, aliyechanganya tarumbeta na saksofoni na midundo ya hapa mpaka muziki huo ukaitwa bango. Mama aliyecheza chakacha ujanani anajua kama mpiga ngoma amekosea kabla mwalimu wa muziki hajainua kichwa. Anayeikumbuka sauti ya tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vitufe, katika tarabu za Zuhura Swaleh anajua kinachokosekana kibodi ikibeba kila kitu.

Kikundi cha wanafunzi kikipiga sengenya ya Wadigo au mwanzele wa Wagiriama mbele ya watu wasioijua ngoma hiyo, kitapigiwa makofi hata kikiharibu. Mbele ya wazee kitasahihishwa. Nimeona vijana wakiomba wenyewe kusahihishwa baada ya onyesho, wakamzunguka bibi mmoja awaoneshe kiuno kinavyokwenda. Darasa la aina hiyo halimo katika ratiba ya muhula wowote.

Adabu yake ni ile tunayoijua: zima mlio wa simu, usipite mbele ya jukwaa wimbo ukiendelea, piga makofi ukipendezwa. Vigelegele havikatazwi.

"Chuo chenyewe kidogo, kitaleta nini?"

Udogo ndio faida yake. Kwenye uwanja wa Mama Ngina, uliofanyiwa ukarabati mwaka 2019, wanaenea maelfu ya watu, na mkusanyiko mkubwa una raha yake. Lakini udi si chombo cha kupigiwa maelfu. Ukumbi wa watu mia mbili unatosha usikie vidole vikitembea juu ya nyuzi, na usikie kila silabi ya shairi. Kwa tarabu, ambayo nusu ya utamu wake ni mafumbo, hilo si jambo dogo. Kadhalika, katika ukumbi mdogo unaweza kumfuata mwimbaji baadaye ukamuuliza shairi ni la nani.

Kampasi nyingi za mjini ziko ghorofani, juu ya maduka, na hazina ukumbi wa maana. Hizo huazima nafasi nje, kama ukumbi wa jamii au Swahilipot, kituo cha vijana karibu na Fort Jesus. Ukisikia tamasha la chuo, uliza linafanyikia wapi kabla ya kupanda tuktuk.

"Ni mambo ya usiku, si ya watu wenye watoto."

Mengi huanza alasiri. Iko sababu ya kisheria pia: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kuanzia hapo kiwango cha sauti kinachoruhusiwa penye makazi kinashuka. Chuo kilichopakana na nyumba za watu na msikiti hakiwezi kupuuza hilo. Waandaaji wenye busara husimamisha vyombo wakati wa adhana, na ratiba huandikwa kwa kuzingatia swala ya Magharibi. Ukiona ratiba haikuzingatia, waambie. Wengi wa wanaoziandika ni vijana wageni katika mji huu, na watashukuru kuelezwa.

"Kule ni nyimbo na kucheza tu."

La. Kuna siku za kupima sukari na presha bila malipo, siku za kuchangia damu, usafi wa ufuo, ushauri wa sheria, mashindano ya mashairi. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na vyuo huitumia kwa mijadala na ushairi. Mombasa, mji wa mshairi Muyaka, ingetakiwa ijaze kumbi siku hiyo mpaka watu wasimame ukutani.

"Hatuambiwi."

Hapa majirani wana haki kwa sehemu. Matangazo mengi hubandikwa ndani ya kampasi au hurushwa kwenye makundi ya simu ya wanafunzi, na mzee wa barazani hayaoni. Lakini tangazo si siri. Askari wa geti kwa kawaida anajua kilichopangwa Jumamosi, ofisi ya masuala ya wanafunzi inajibu anayeuliza, na karibu kila mtaa una kijana anayesoma pale. Mwambie akuletee habari. Viongozi wa wanafunzi nao wanaweza kubandika karatasi moja penye kahawa, moja sokoni, na kumwomba mzee wa mtaa awatangazie. Muhula ukianza, wiki za mwanzo huwa na shughuli nyingi kuliko za karibu na mitihani, basi ulizeni mapema.